Zege la nakshi uani, baridi inabisha hodi, na mkaguzi kabandika karatasi

Kutoka: Mama wa Kikuyu (Minnesota)

Mbukwenyi wana Dodoma,

Naomba msaada wa haraka. Ua wa nyuma umeshachimbwa, kokoto imeshindiliwa, mbao za pembeni zimefungwa, na lori la zege lilikuwa lije Alhamisi. Ni lile zege la stempu, linalokandamizwa nakshi likiwa bado bichi, mfano wa mawe mapana, rangi nyekundu kama udongo wa nyumbani (cheka tu, ni hela yangu). Jana nimerudi kazini nakuta karatasi mlangoni: kazi isimame. HOA, chama cha wenye nyumba wa mtaa, walishanipitishia tangu Agosti. Mji nao unasema paa, njia ya gari na hilo zege vikijumlishwa vinasogelea kikomo cha eneo lisilopitisha maji, kwa hiyo nilete ramani ya kiwanja iliyopimwa.

Ninayo ile niliyopewa siku ya kununua nyumba. Dada wa dirishani kaiangalia, kasema "inategemea", kaita anayefuata.

Swali langu ni moja: ramani ya zamani inapokelewa, au lazima nimlipe mpima upya? Tuko mwisho wa Oktoba na usiku tayari unagusa sifuri.

Kutoka: Kijana wa Area C (Calgary)

Shikamoo mama, pole sana. Karatasi zitapatikana. Mimi ningekuuliza kwanza: huyo mkandarasi ameagiza zege lenye hewa? Namaanisha vile vipovu vidogo vinavyotengenezwa na dawa kiwandani, asilimia 5 hadi 8 ya zege lote. Maji yakiganda yanatanuka kwa takriban asilimia 9, na yasipokuta nafasi ndani ya zege yanajitengenezea yenyewe, ngozi ya juu inabanduka. Huku kwetu ni balaa zaidi, maana chinook, ule upepo wa joto, ukivuma Januari theluji inayeyuka mchana na kuganda tena usiku. Jirani yangu aliwekewa zege zuri la maua, masika ya kwanza likawa linatoka magamba. Nakshi haikumsaidia kitu.

Kutoka: Mzee wa Mpwapwa (Michigan)

Vijana mnapenda kutisha watu. Mama, mwaga zege lako, lifunike nailoni, asubuhi na jioni limwagie maji wiki nzima kama tulivyofanya nyumbani, litakuwa gumu kama mwamba. Barafu ikija rusha chumvi kidogo, maisha yanaendelea. Ya ofisi ndiyo yenye maneno. Mimi mji wangu uliwahi kunidai kibali cha uzio wakati uzio ulikuwepo kabla sijahamia! Nikawapelekea picha, wakasema picha haina tarehe. Nikawapelekea yenye tarehe, wakasema afisa aliyekuwa anashughulikia jalada amehama idara. Hadi leo uzio upo na kibali hakipo. Usilale usingizi, mama, wala usiwaogope.

Kutoka: Fundi wa Kizota (Minnesota)

Mzee, shikamoo, lakini hapana. Mimi hii ndiyo kazi inayonilisha.

Kummwagia mtu maji juu ya zege mwezi wa kumi na moja Minnesota ni kumharibia. Zege changa likiganda kabla halijafikisha nguvu ya psi 500 (pauni kwa inchi ya mraba) limeshaumia, halirudi. Na nailoni juu ya zege la rangi inaacha mabaka, popote ilipokunjana utaona doa. Kwenye baridi tunafunika kwa mablanketi maalumu ya zege, na tunaagiza maji ya moto kwenye mchanganyiko. Hewa ikishuka chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti (kama 4 za Selsiasi), au ikitarajiwa kushuka, kanuni za kazi zinabadilika. Ardhi iliyoganda haimwagiwi zege kabisa, maana ikiyeyuka inakaa chini na zege linabaki linaning'inia.

Chumvi mwaka wa kwanza msahau. Sio "kidogo". Msahau. Ile yenye mbolea ndani yake, amoniamu salfeti au amoniamu naitreti, hata mwaka wa kumi usiiguse, inalila zege lenyewe. Rusha mchanga.

Mama, mwulize mkandarasi haya kabla hujampa senti nyingine. Nguvu isipungue psi 4,000, mimi napenda 4,500. Maji kwa sementi yasizidi 0.45 kwa uzito. Unene inchi 4 juu ya kokoto ya inchi 4 hadi 6. Mikato ya kuongoza nyufa kila futi 8 hadi 10, kina chake robo ya unene, na ajitahidi ifuate mistari ya nakshi isionekane kama jeraha. Mteremko robo inchi kwa kila futi kwenda mbali na nyumba, kwa sababu dimbwi kwenye zege la nakshi ndilo barafu yako ya kesho. Ukimwona anarusha maji juu ili mwiko uteleze, mfukuze. Maji hayo yanaudhoofisha uso wa juu, na uso wa juu ndio umelipia.

Akikwambia ataongeza kloridi ya kalsiamu liwahi kushika, mkatalie: kwenye zege la rangi inaleta madoa. Zipo dawa za kuharakisha zisizo na kloridi, ni ghali kidogo. Na 811, wale wa kuweka alama za mabomba na nyaya za chini, mliwapigia kabla ya kuchimba?

Kutoka: Mama wa Kikuyu (Minnesota)

Asante fundi, nimeandika yote. 811 walikuja, vibendera viko hadi leo. Sasa ramani?

Kutoka: Dada wa Kondoa (Sweden)

Habari zenu. Mimi ningeuliza tofauti: kwa nini zege la stempu? Ardhi ikiganda inainuka, bamba zima linapasuka, na kulirudishia rangi ileile haiwezekani, kiraka kitaonekana kama kiraka. Weka pevingi. Zikiinuka unazing'oa, unasawazisha mchanga, unazirudisha. Tena mji ukitaka eneo linalopitisha maji, zipo za kupitisha maji katikati, na kesi yako inaisha. Huku hawarushi chumvi kwenye njia za miguu ovyo, wanamwaga vikokoto, mwezi wa nne wanapita kufagia.

Kutoka: Fundi wa Kizota (Minnesota)

Dada, pevingi zisizo na msingi zinainuka vilevile, na majani yanaota katikati. Bamba la uani linaelea, halifungwi kwenye msingi wa nyumba, unaliwekea nafasi ya kuachana na ukuta lipande na kushuka bila kugombana nao. Likiwa na kokoto nzuri inayotoa maji chini, haliinuki ovyo. Tatizo la pevingi na stempu yote mawili ni mtu aliyeruka hatua ya kokoto.

Nilisahau: ile vanishi ya kung'arisha asipake mpaka zege limalize siku 28, na kwa baridi hii ina maana masika. Ile ya akriliki inayong'aa ikilowa inateleza vibaya, iwekewe chembe za kukwaruza. Anayetaka usalama apake ile inayozama ndani, haing'ai lakini inazuia maji.

Kutoka: Mzee wa Mpwapwa (Michigan)

Nimesikia fundi, tusigombane. Lakini niwaambie, mnalalamikia mkaguzi aliyekuja na karatasi? Mmesahau CDA, ile mamlaka ya kustawisha Makao Makuu Dodoma? Ukipaka chokaa nyumba yako Chang'ombe wanakuuliza kibali. Afadhali ilivyovunjwa ile 2016.

Kutoka: Kijana wa Area C (Calgary)

Mzee, ni Mei 2017. 2016 ni Magufuli alipotangaza Serikali kuhamia Dodoma, na jiji tukawa 2018.

Kutoka: Mzee wa Mpwapwa (Michigan)

Nilikuwepo Dodoma CDA inaanza, 1973, wewe hata mama yako hajaolewa. Unanifundisha tarehe.

Kutoka: Dada wa Kondoa (Sweden)

Tarehe aliyosema ni sahihi, baba, samahani. Mimi hoja yangu ni nyingine. Hapa naambiwa kila kitu kwa barua, hata jibu likiwa hapana. Kiwanja changu cha Nala nimeacha kwa jina la mdogo wangu, kwa sababu nilichukua uraia wa huku na sheria yetu haina uraia pacha. Tunatuma hela za bati, za nondo, za mpaka vitasa, halafu kwenye karatasi wewe si mwenye nyumba. Hadhi maalumu ya sisi tuliochukua uraia wa nje nayo kwa miaka tulikuwa tunaisikia kila mwaka wa uchaguzi. Nikikumbuka zile jioni za mwezi wa sita, kibaridi cha Dodoma ambacho tulikuwa tunakiita baridi, mlenda na ugali wa uwele, nashangaa nafanya nini huku.

Kutoka: Kijana wa Area C (Calgary)

Kibaridi cha nyuzi 13! Leo nimekwenda kazini ikiwa hasi 9.

Kutoka: Mjukuu wa Bahi (Dodoma, nipo likizo)

Jamani, niulize na mimi. Nipo nyumbani, tunajenga Ihumwa. Hiyo mikeka ya mpira ya kukandamizia nakshi naweza kuja nayo kwenye begi? Mafundi hapa wanapiga zege kwa karai na koleo. Baridi haipo, kwa hiyo si itakuwa rahisi?

Kutoka: Fundi wa Kizota (Minnesota)

Mikeka inaingia kwenye begi ukichukua michache, ila angalia uzito. Rahisi hapana, adui anabadilika tu. Huko tatizo ni jua na upepo. Mwezi wa kumi saa sita mchana zege linashika juu wakati chini bado uji, mkeka ukiweka mapema unazama, ukichelewa hauingii. Anzeni alfajiri, mwagilieni kokoto na ardhi chini kabla, vibarua wawe wengi kuliko unavyodhani, na msimwage eneo kubwa kwa mara moja. Usisahau ule unga unaozuia mikeka isinate, hapo kwetu sijui dukani utaupata wapi, ubebe. Rangi irushwe na kusuguliwa kabla ya kukandamiza. Nyie ndio mmwagilie maji wiki nzima kama mzee alivyosema, huko kwenu ni sahihi kabisa, ila anzeni baada ya kusafisha ule unga.

Kutoka: Mzee wa Mpwapwa (Michigan)

Umeona.