Cheti cha AGPO: mume akiwa mkurugenzi, nitakubaliwa?

MamaSare_Kisauni: Asalaam aleikum jamani. Nashona sare za shule na makoti ya maabara hapa Kisauni, Mombasa. Kampuni tuliiandikisha mimi na mume wangu: yeye ana hisa asilimia 40, na sote wawili ni wakurugenzi. Nataka kuomba cheti cha AGPO, kile cha kupata nafasi kwenye tenda za serikali zilizotengwa, upande wa wanawake. Kuna bwana mmoja anasema nimpe elfu kumi na tano atanipitishia, kisha kikitoka nimwazime aombee tenda ya matairi anikatie asilimia kumi. Nifanyeje?

Kijana_wa_Likoni: Cheti ni bure dada. Unaomba mwenyewe mtandaoni, serikali haitozi hata ndururu.

MamaSabuni_Changamwe: Waaleikum salaam shoga. Kwa hisa hizo watakurudisha. Biashara ya wanawake lazima asilimia 70 ya umiliki iwe yao, na uongozi uwe wao mia kwa mia. Basi mzee ashuke hadi 30 au chini, na ukurugenzi auwache kabisa. Wataangalia CR12, ile hati ya msajili inayoonyesha wenye hisa na wakurugenzi, kwa hivyo rekebisha kwanza ndipo uombe. (Wangu alinuna, akadhani namfukuza nyumba. Nikamwambia mbona hisa zako ziko, shida nini?) Na uhakikishe cheti chako cha KRA cha kulipa ushuru hakijaisha muda.

Huyo wa matairi mkimbie. Akileta matairi mabovu au asilete kabisa, aliyetia saini ni wewe. Ukifungiwa tenda za serikali ni miaka 3 kwenda juu, na yeye yuko Mwembe Tayari anakunywa kahawa.

Halafu usidhani cheti ni pesa. Ile asilimia 30 ya ununuzi wa serikali imetengewa vijana, wanawake na walemavu kwa pamoja, na mtashindana wenyewe kwa wenyewe bei chini. Raha yake ni kwamba huombwi dhamana ya benki wakati wa kuomba tenda, unajaza fomu ya tamko tu. Kwa sisi wa mtaji mdogo hilo si jambo dogo.

Kazi iko kwenye kupeleka mali. Usikate hata kitambaa kabla hujashika LPO, yaani agizo rasmi la kununua, mkononi. "Anza tu, karatasi inakuja" usiisikie. Mimi napeleka sabuni ya maji. Storikipa mmoja alinifungulia madumu, akatia kidole akasugua, akanusa, akahesabu upya yote. Nilikasirika, lakini alipomaliza aliniandikia S13, fomu ya kuthibitisha mali imepokelewa, papo hapo, na ndiyo iliyonilipa. Mahali pengine, jina la ofisi silitaji, nilipokelewa kwa tabasamu bila S13. Invoisi yangu ikazunguka mpaka afisa akahamishwa, na aliyekuja akaniuliza sabuni gani.

Bakari_Tudor: Hizi tenda zina wenyewe. Changu nimekitundika ukutani, na miaka 2 yake inaisha bila hata kotesheni moja.

MamaSabuni_Changamwe: Bakari, wenyewe wapo, sikatai. Lakini ukutani nani atakiona? Taasisi zikitangaza kuandikisha wauzaji, peleka makaratasi, anza na shule na hospitali ambako kazi ni ndogo na wakubwa hawahangaiki nazo. Na ukiona umeonewa kwenye tenda, una siku 14 tu za kwenda kwenye bodi ya rufaa. Ada yake ina uzito, kwa hivyo tazama tenda yenyewe ina thamani gani kwanza.

MamaSare_Kisauni: Ahsante sana da'angu. Na nikipata LPO ya sare mia tano, kitambaa nitanunua na nini?

MamaSabuni_Changamwe: Hazina ya Wanawake ya serikali (Women Enterprise Fund) hukopesha kwa LPO. Nenda kaulize mapema, usingoje mpaka siku za kupeleka mali zikubane. Na ile bei yako uiweke ukijua malipo yanaweza kukawia miezi. Wasichana wako wa kushona hawatangoja serikali ndio wale.

MamaSare_Kisauni: Mzee amekubali asilimia 30. Ukurugenzi bado anaufikiria. Mabadiliko tunayafanyia wapi?

Kijana_wa_Likoni: eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, upande wa usajili wa biashara. Na yeye lazima atie saini kwamba ameng'atuka, kwa hivyo mpikie pilau kwanza.