Toyota IST yangu ina kilomita 240,000, nini naweza kufanya mwenyewe nyumbani?

Wakuu habari za jumapili, nina IST injini ya 1NZ, bado inadunda fresh tu ila kila nikienda gereji sitoki bila kuachia hela ya maana. Nataka vitu vidogo nifanye mwenyewe hapa uani, nianzie wapi? Na belt ya taimingi nibadilishe?

JIBU: Mkuu 1NZ haina belt ya taimingi, ina cheni, fundi akikuuzia hiyo belt kimbia 😂 Kagua ile ya nje inayozungusha alternator, ikiwa na nyufa badili. Oil inaingia kama lita 3.7 ukibadili na filta, ila cha muhimu zaidi chomoa stiki ya kupimia oil kila wiki asubuhi kabla hujawasha, maana gari za umri huu zinakunywa oil kimya kimya we unasubiri taa ya oil kwenye dashibodi iwake, taa ikiwaka ujue umeshachelewa.

JIBU: Naongezea hapo, acha kujaza maji ya bomba kwenye rejeta weka coolant, maji yanaleta kutu. Na mfuniko usiufungue injini ikiwa ya moto, mi nina kovu mkononi hadi leo.

MUULIZAJI: Shukrani wakuu, kumwaga oil nitumie jeki ya gari?

JIBU: Kunyanyua sawa, ila usiingie chini bila stendi za kushikilia gari, na tairi za nyuma weka mawe. Jeki inaachiaga bila hodi.