Botswana mwezi wa saba: mafuriko ya Okavango na njia ya Savuti

Msafiri_Kusini:
Wakuu, safari ni ya Julai kwa gari la 4x4 la kukodi: Maun, mbuga za Moremi na Savuti, kisha Kasane. Julai mvua hakuna, mbona watu wanasema ndipo delta ya Okavango inafurika? Na hiyo njia ya Savuti inapitika, au nizunguke kwa lami kupitia Nata? Pundamilia wa majangwa ya chumvi ya Makgadikgadi je, nitawakuta?

Mtumbwi:
Maji hayo ni mvua ya Angola. Hunyesha kwenye nyanda za juu kuanzia Novemba hadi Machi, kisha yanateremka polepole mno kwa sababu delta ni tambarare na imejaa mafunjo. Ndiyo maana Maun huyapata katikati ya kiangazi, wakati nyika imekauka na wanyama wanasogea majini wenyewe. Karibu maji yote huishia kuwa mvuke au kunyonywa na mimea, baharini hayafiki. Kwa mtumbwi Julai ni safi, ila asubuhi baridi inakaribia sifuri. Beba koti zito, hasa kama utapanda gari la wazi.

Foo_Lo:
Savuti inapitika, lakini ni mchanga mzito. Punguza upepo wa matairi hadi bar 1.5 hivi, ingiza 4x4 kabla hujakwama, na usisimame katikati ya mchanga. Wengi hukwama kwa sababu wanaacha upepo wa lami. Tairi linachimba badala ya kuelea. Ukiona linazunguka bure, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja, rudi nyuma kwenye alama za matairi yako, toa upepo zaidi. Pampu ni lazima: ukifika lami, jaza tena, la sivyo tairi litapata joto na kupasuka.

Kati ya kijiji cha Mababe na Savuti kuna njia mbili. Ile ya bondeni ina udongo mweusi wa mfinyanzi: Julai ni nzuri, ikilowa haifai kabisa. Ile ya tuta la mchanga ndiyo ya masika. Mafuta usitegemee kupata kabla ya Kasane. Beba ya kilomita 600, maana mchanga unayala. Chungulia pia chini ya gari mara kwa mara. Nyasi kavu zikijikusanya kwenye ekzosi, gari linaungua.

Chumvi_Tupu:
Pundamilia hufuata mvua kwenye majangwa ya chumvi. Julai watafute mto Boteti, upande wa Khumaga. Na usiendeshe juu ya chumvi nje ya alama za magari: juu pakavu, chini tope, na gari likizama huko hakuna mti wa kufungia winchi (mashine ya kulivuta gari kwa waya).

Mtumbwi:
Nyongeza: nyama mbichi ya ng'ombe au mbuzi kutoka kaskazini kwenda kusini hunyang'anywa kwenye vizuizi vya ukaguzi wa mifugo, kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Ipike kabla. Kambi za Moremi na Savuti weka nafasi mapema. Hazina uzio, kwa hiyo chakula kifungie ndani ya gari, si hemani.