Naomba ushauri: siku nne Dordogne na mama mkwe, sehemu saba

Mama Watatu: Wakuu, habari za jioni. Tunaishi Ubelgiji, mwezi wa sita tunakwenda kupumzika Ufaransa, mkoa wa Dordogne. Nyumba iko kijijini Carsac-Aillac, karibu na Sarlat. Tuko watano: mimi, mume, watoto wa miaka 12 na 15, na mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga. Siku kamili ni nne, Jumatatu hadi Alhamisi. Nataka tuone Sarlat, Lascaux (pango la michoro ya kale), vijiji vya Domme na La Roque-Gageac, ngome ya Castelnaud, Rocamadour na shimo la Padirac. Tiketi za Lascaux (Jumanne) na Padirac (Alhamisi saa nne na nusu asubuhi) nimeshakata. Nianze na ipi? Usingizi sipati.

Mkaa Ramani: Panga kwa upande, si kwa hamu. Domme, La Roque-Gageac na Castelnaud zote ziko bonde la mto Dordogne, ni siku moja. Lascaux iko Montignac, kaskazini, kama kilomita 25 kutoka Sarlat, nusu siku. Rocamadour na Padirac ziko mashariki, mkoa mwingine kabisa wa Lot. Siku hiyo usiongeze kitu. Sarlat weka Jumatano asubuhi, ndiyo siku ya soko ukiacha Jumamosi.

Dereva Kipara: Ratiba baadaye, kwanza barabara. Aliyezoea kuendesha kushoto huwa hakosei kwenye foleni. Hukosea akitoka maegesho asubuhi barabara ikiwa tupu. Nje ya vijiji mwendo ni kilomita 80 kwa saa isipokuwa kibao kiseme vingine. Kibao cha jina la kijiji chenye ukingo mwekundu maana yake ni 50, hata kama namba haijaandikwa. Njia panda isiyo na alama, anayetokea kuliani kwako anapita kwanza, hata akichomoza kichochoroni. Pampu za supamaketi usiku ni kadi tu, na mashine huzuia pesa nyingi kuliko mafuta utakayotia. Salio likiwa dogo inakataa. Gari la otomatiki liagize mapema. Mmekodi gari gani?

Mama Watatu: Asante mkuu. Usafiri tutajua huko huko. Turudi kwenye ratiba.

Kisiki: "Tutajua huko huko" maana yake gari hakuna. Funguka dada.

Mama Watatu: Haya. Gari hatuna, na hakuna mwenye leseni kati yetu. Tunafika Sarlat kwa treni kutoka Bordeaux. Lakini nyumba nimeshalipia na hela hairudi, ina bustani, na mwenyewe kaandika "karibu na kila kitu". Tena Ulaya usafiri wa umma si kama wetu.

Dereva Kipara: Nimeandika aya nzima ya pampu za mafuta.

Mkaa Ramani: Karibu na kila kitu kwa mwenye gari. Reli inaishia Sarlat. Mabasi ya vijijini huko mengi hufuata saa za shule. Rocamadour ina stesheni, ila iko kwenye reli ya Brive kwenda Figeac, si ya Sarlat, na ukishuka bado kuna kama kilomita 4 hadi kijijini.

Bi Mwanaidi: Mimi sijali treni. Mtu mzima katoka Tanga kuja kukaa na wajukuu, wewe unamzungusha kwenye magofu sehemu saba! Magoti yake umeyauliza?

Mama Watatu: Goti moja linamsumbua, anatembelea mkongojo. Ila Rocamadour kaomba mwenyewe, kaona picha ya ule mji ulioshikamana na jabali.

Kisiki: Ngazi kuu ya pale ina vidato 216. Mkwe mwema anabeba mgongoni.

Mkaa Ramani: Kisiki acha utani. Kuna lifti kutoka mtaa wa chini hadi kwenye makanisa, na nyingine ya mteremko kutoka hapo hadi ngome ya juu. Zinalipiwa kila moja peke yake. Mama ashushwe juu ngomeni, ateremke kwa lifti. Tatizo ni Padirac. Lifti za kushuka shimoni zipo, kina ni mita 103 hadi mtoni, lakini ukishuka kwenye mtumbwi ndani kuna ngazi nyingi zenye maji, na hakuna kukatisha njiani. Humo ni nyuzi 13 mwaka mzima. Mama asiingie.

Mchonga Kalamu: Subirini. Mleta mada ana tiketi za Lascaux? Pango la Lascaux lilifungwa kwa umma 1963, kwa sababu pumzi za watazamaji zilikuwa zinaharibu michoro, mwani wa kijani ukaanza kuota ukutani. Hakuna anayeuziwa tiketi. Hapo ongeza mkongojo, watu watano bila leseni, na jibu linalotoka kidogo kidogo kila akibanwa. Hii chai.

Kisiki: Nimeleta maandazi.

Bi Mwanaidi: Na mimi nimeshamwonea huruma huyo mama wa kubuni!

Mama Watatu: Jamani! Tiketi imeandikwa Lascaux II. Nitunge mkwe ili nipate nini?

Mchonga Kalamu: Kama ni II basi si chai, nakunywa maji. Lascaux II ni nakala ya 1983, iko kilimani jirani na pango lenyewe, na inaonyesha sehemu mbili tu za pango. Lascaux IV ya Desemba 2016 iko chini ya kilima na ni nakala ya karibu pango zima. Ni milango miwili tofauti. Dereva wa teksi asipoambiwa namba atawapeleka IV, na saa ya tiketi itapita mkiwa kwenye foleni ya watu wengine.

Fundi Spoku: Mmesahau jambo moja. Reli ya zamani kutoka Sarlat hadi Cazoulès imegeuzwa njia ya baiskeli, ina lami, haina magari, na inapita Carsac. Kwenda Sarlat ni kama kilomita 10 na inapanda taratibu, kurudi mnateleza. Mume na watoto wakodi baiskeli, mama apande teksi. Mtoni, vijana wachukue mtumbwi Vitrac hadi Beynac, wanapita chini ya Domme, La Roque-Gageac na Castelnaud bila kulipa nauli. Mwenye mitumbwi huwarudisha kwa basi dogo. Mama apande gabare La Roque-Gageac, mashua pana ya kukaa, karibu saa nzima.

Mkaa Ramani: Teksi ya kawaida inabeba wanne, nyie watano, kwa hiyo agiza kubwa siku kadhaa kabla. Na dereva akirudi mtupu, bei ya kilomita hupanda. Mwambie awasubiri, kisha ulizia bei ya kwenda na kurudi kabla ya kukubali.

Mwana wa Makorora: Mkiwa mnakula halali, angalieni viazi. Vinaitwa pommes sarladaises, kwenye menyu vinakaa kama chipsi za kawaida, lakini vimekaangwa kwa mafuta ya bata na kitunguu saumu. Hata omleti ya uyoga inaweza kupikwa hivyo. Ulizeni "sans graisse de canard", yaani bila mafuta ya bata. Jibini ndogo ya mbuzi ya Rocamadour na keki ya walnati ndizo za kubeba. Na jikoni nyingi hufunga saa nane mchana, ukichelewa unapewa aiskrimu.

Mama Watatu: Nimepunguza. Jumatatu mto. Jumanne Lascaux. Jumatano baiskeli, kisha soko mchana. Alhamisi teksi: Rocamadour na mama, Padirac tunaingia wanne. Castelnaud nimeitoa, Domme bado naifikiria.

Mkaa Ramani: Jumatano geuza. Soko linavunjwa saa saba mchana, ukifika saa nane utakuta maboksi. Mama afike saa tatu, apande lifti ya kioo kwenye mnara wa kanisa la zamani la Sainte-Marie. Na Alhamisi anzeni na Padirac, kutoka Carsac ni zaidi ya saa moja. Mmoja abaki juu na mama, tiketi yake mpe Bi Mwanaidi.