Hilux ya zamani: nataka kupiga ndani ya kebini ile rangi nzito ya kupuliza, nianzie wapi?

Tenga_la_Feri

Wakuu habari za jioni. Nina Hilux LN106 ya mzee, kebini moja, injini ile ya dizeli inayoitwa 3L, bado inapiga mzigo vizuri tu. Alfajiri naiingiza Feri, soko la samaki Dar, napakia matenga natoka kwenda Mbagala na Kongowe. Sasa mnajua kazi ya samaki, unaingia kwenye gari gambuti zimelowa maji ya barafu na chumvi kila siku ya Mungu, kijana wangu naye hivyo hivyo, kapeti imekaa na unyevu miaka mpaka harufu imegoma kutoka hata ufue na nini. Juzi nikasema ngoja niitoe yote niianike, lahaula, chini ya miguu ya dereva bati limeliwa, ukigusa na bisibisi inapita unaiona lami. Upande wa abiria kuna kutu ya juu juu, nyuma ya siti kuko safi na rangi ya kiwandani bado ipo.

Wazo langu nisirudishe kapeti tena. Nipige ile rangi nzito nyeusi yenye chembechembe ambayo watu wanapiga kule nyuma kwenye mzigo, ila mimi niipige ndani, sakafu yote mpaka ukuta wa nyuma ya siti na chini ya milango, ili jioni nikimaliza kazi ni ndoo ya maji na brashi basi. Fundi rangi mmoja jirani anasema ni kazi ya asubuhi, jioni nachukua gari, tundu anaweka faiba, anapulizia juu, eti "itaziba kila kitu". Hiyo ya kuziba kila kitu ndiyo imenipa wasiwasi.

Aliyewahi kufanya NDANI, sio nyuma, anipe ukweli. Na joto je? Maana pale juu ya giaboksi panachoma tayari hata kapeti ikiwepo.

gia_ya_tano

Ngoja waje wataalamu, mimi nimeshavuta kiti.

Mzee wa Msasa

Mkuu huyo fundi mkimbie. Rangi yenyewe ni nzuri sana, tatizo ni kwamba inashika kile ilichokikuta. Ikikuta kutu inashika kutu, na kutu ikiachia inatoka nayo kama ganda la chungwa. Mbaya zaidi huoni mapema, juu inabaki nyeusi nzima huku chini bati linaliwa taratibu, na maji yakishapenya katikati hayana pa kutokea.

Kabla hujanunua hata msasa tafuta maji yanaingilia wapi. Unasema gambuti, sawa, ila gari ya umri ule usilaumu gambuti peke yake. Muweke kijana ndani na tochi, wewe mwagia kioo cha mbele kwa mpira wa maji, aangalie chini ya dashibodi. Mpira wa kioo ukizeeka unakakamaa, kona za chini zinaanza kutu, maji yanashuka nyuma ya dashibodi mpaka miguuni na juu huoni kitu. Angalia na pale kwenye matundu ya hewa chini ya waipa, majani ya mwarobaini yakijazana pale maji yanakosa njia yanaingia kwenye feni. Kama una AC angalia kibomba chake cha kutolea maji, kikiziba kinamwaga miguuni kwa abiria. Na mipira ya milango. Hivi vyote ni hela ndogo kuliko hiyo rangi.

Tundu: faiba hapana kabisa. Kata bati bovu lote mpaka ukutane na chuma kizima, chomelea bati jipya la kama milimita moja, tena kwa mashine ya waya na gesi, sio ya vijiti, ya vijiti itakutobolea bati jembamba uanze upya. Toa waya za betri kwanza, alafu lala chini uchungulie kama hakuna bomba la breki au mpira wa dizeli karibu na unapochomea. Ukimaliza paka silanti (gundi ya kuziba maji) kwenye maungio juu na chini, na chini kwa nje upake praima na anda koti (rangi ya kukinga chini ya gari), maana watu wanapamba ndani wanasahau kwamba lami nayo inarusha maji.

Alafu usafi. Kwako wewe hapa ndipo penye kazi kuliko popote. Kuna vitu vitatu vinavyokukwamisha: mafuta ya samaki, chumvi, na ile dawa ya kung'arisha dashibodi (zile nyingi zina silikoni, ikibaki kwenye bati rangi inajikunja inaacha vijicho, yaani vishimo vidogo). Osha na maji ya bomba yenye sabuni ya kukata mafuta, suuza, osha tena, suuza tena. Chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta unyevu kupitia rangi yenyewe na baada ya muda unaona malengelenge, hata kama rangi ni ya bei gani. Zile shiti za lami za kiwandani za kuzuia kelele zibandue kwa hita na skrepa, kama kuna sehemu zimepasuka ndipo kutu ilipojificha. Watu wanatumia mafuta ya taa kutoa mabaki, sawa, ila mafuta ya taa nayo ni mafuta, osha tena.

BinamuWaTandika

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo wakuu. Kwanini huo mzigo wote? Hilux za kazi za enzi hizo nyingi zilitoka Japani sakafu ina kapeti ya mpira tu, hazikuwa na manyoya. Chomelea tundu, piga praima ya epoksi, piga rangi ya kawaida ya gari juu, tandika kapeti ya mpira unayoweza kuitoa ukaianika. Ukikwaruza unapaka tena. Hiyo rangi nzito ukishaipiga umeipiga, siku bati likitoboka tena na unataka kuchomelea lazima ukwangue kwanza eneo zima kwa grainda, na ole wako uchomee juu yake, ule moshi ni sumu kweli, sio maneno.

Na kama mzee bado anaipenda gari yake kama ilivyokuwa, mwambie kwanza.

Tenga_la_Feri

Mzee alishanikabidhi na kadi, hana neno 😂 anasema tu isimfie barabarani. Hoja yako naiona binamu ila kapeti ya mpira ndiyo hiyo hiyo, maji ya samaki yanaingia chini yanalala huko, nani anatoa kapeti kila siku saa kumi alfajiri.

MamaLandi_Kgb

Kaka mimi nimepiga ndani, Land Cruiser 75 yenye injini ya 1HZ, naishi Kigamboni kwahiyo chumvi ninayo hata bila samaki. Sijutii, ila kuna mambo hakuna aliyeniambia.

Chembe. Kule nyuma unataka chembe kubwa mzigo usiteleze, ndani hutaki. Chembe kubwa zinashika tope na magamba ya samaki mpaka brashi inachoka, na ukipiga goti kutafuta kitu chini ya siti unachubuka. Mwambie anayepuliza: hewa ndogo inatoa chembe kubwa, akiongeza hewa na tina kidogo inatoka laini. Apige kwanza kwenye kipande cha bati pembeni uone, ukiridhika ndio aingie kwenye gari. Au fanya kwa rola na brashi kama nilivyofanya mimi sehemu kubwa. Kebini ni ndogo, kona nyingi, ukipulizia unatumia muda mwingi kufunika dashibodi, usukani, dari na vioo kuliko kupuliza kwenyewe, na ule ukungu unaingia mpaka kwenye swichi. Kwa rola hutapata ule usawa wa kiwandani, ila nani anaangalia.

Joto sasa. Usitegemee hiyo rangi ikuzuilie joto, haizuii chochote cha maana. Kelele inapungua kidogo, bati halipigi tena kama debe, ila moto wa giaboksi na ekzosi uko pale pale. Mimi pale kwenye handaki la gia na ukuta wa injini niliweka shiti za biutili (aina ya mpira unaonata) zenye karatasi ya alumini, na juu ya miguu nina mikeka miwili ya mpira ya kukata, haijabandikwa, natoa nakung'uta narudisha. Hizo shiti zibandike kabla, juu ya epoksi iliyokauka vizuri, kwenye rangi yenye chembe hazishiki sawasawa. Bila hivyo mchana wa Februari kwenye foleni ya Kilwa Road utavua gambuti mwenyewe.

Mzee wa Msasa

Dada kamaliza, naongezea tu yale ya fundi.

Matundu ya bolti. Ukitoa siti na mikanda, rudishia bolti za zamani kwenye kila tundu kabla ya rangi, uzi ukijaa hiyo rangi utalia. Hasa bolti za mkanda, zile uzi wake sio wa milimita kwenye gari nyingi hata za Kijapani, ukiharibu usije ukalazimisha bolti yoyote uliyoikuta Gerezani, mkanda unashikilia roho ya mtu.

Vile vizibo vya mpira vya sakafuni vitoe, usipige rangi juu yake. Na kwa matumizi yako ya ndoo ya maji viache viwe vinatoka kirahisi, maji lazima yawe na pa kushukia, hiyo rangi haigeuzi kebini kuwa beseni la kuogea.

Eathi. Waya za eathi zinazofungwa kwenye bodi, pale lazima pabaki chuma kitupu. Bandika tepu, paka, toa, funga waya, ndio upake grisi juu. Wengi wanarudisha gari taa zinapepesa wanaanza kulaumu alteneta. Na tepu zote unatoa rangi ikiwa bado mbichi, ikikauka utakata kwa wembe na kingo zitanyanyuka.

Hali ya hewa nayo. Zile za kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha rangi iwe ngumu), mfano Raptor ya U-POL ambayo ni vipimo vitatu vya rangi kwa kimoja cha hadina, hadina yake haipatani na unyevu, ikikutana na maji inatoa gesi na unapata mapovu. Masika Machi mpaka Mei mimi sipigi bila banda. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ndio wakati wake Dar. Hata hivyo usianze alfajiri bati likiwa na umande usioonekana, subiri saa nne jua limepasha chuma, na saa kumi jioni uwe umefunga kazi. Ikishachanganywa huna siku nzima, kwenye nyuzijoto 20 una kama saa moja, joto letu likifika 30 ni chini ya hapo. Kwahiyo changanya kidogo kidogo, chupa moja moja.

Na bati likishasuguliwa likawa tupu, epoksi siku hiyo hiyo. Dar ukiliacha lilale, asubuhi unakuta rangi ya machungwa imeshaanza. Kama umetumia dawa ya kutu yenye asidi isuuze kwanza kama maelekezo yake yanavyosema, epoksi nyingi hazipendi asidi chini yake. Pale nyuma ya siti penye rangi nzima ya kiwandani usikwangue mpaka chuma, fifisha mng'ao tu kwa msasa, ile praima ya kiwandani huipati tena mtaani.

Pua_Nzima

Nashangaa mko hapa mnaongelea bolti hakuna aliyetaja pumzi. Nafanya kazi ya rangi za magari. Hadina ya hizi rangi ina kemikali iitwayo isosayaneti, inaleta pumu, na mwili ukishaizoea vibaya hata kiasi kidogo tu siku nyingine kinakubana kifua. Barakoa za kitambaa na zile za karatasi za Korona hazisaidii kitu. Hata barakoa yenye kichujio cha makaa haikupi uhakika kwa sababu hiyo kitu huisikii kwa pua kabla haijapita kiwango. Ya uhakika ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Na hapa tunaongelea kichwa ndani ya kebini ya Hilux, ukungu wote unarudi usoni. Kama huna vifaa hivyo basi fuata ya dada hapo juu, rola, milango yote imetolewa au imefunguliwa, feni inavuta kutoka upande mmoja, glavu na miwani. Na kijana asikae pale pembeni anashika taa.

Zile za Line-X zinazopulizwa zikiwa moto kwa presha kubwa ni za mashine maalumu na watu waliofundishwa, fundi akikwambia anakupigia "kama ile" kwa kikompresa cha kujazia matairi cheka uondoke.

Tenga_la_Feri

Nimeelewa, asanteni. Nimemwagia maji leo mchana, kijana kaona yanachuruzika kona ya chini ya kioo kushoto na karibu na pedo ya klachi, kwahiyo mpira wa kioo unabadilishwa kwanza. Swali la mwisho, nikimaliza kupaka naweza kuingia Feri kesho yake?

Mzee wa Msasa

Hapana. Siti unaweza kurudisha baada ya siku mbili tatu, ila maji ya chumvi na kuburuza matenga ipe wiki. Kodi guta la mtu au panga na mwenzako wa Feri akubebee wiki hiyo. Na upande wa klachi kabla hujasema ni maji, gusa kwa kidole kama inateleza, inaweza kuwa silinda ya juu ya klachi inavujisha mafuta ya breki, na hayo yakimwagika kwenye rangi nyingi yanazimenya.

Tenga_la_Feri

Inateleza 😩 kesho naanza na silinda.