MREJESHO: Nyumba ya zimwi imewaka taa
Wakuu, ile nyumba ya midoli ya zimwi ninayomtengenezea binti yangu, niliuliza kwa nini nikiwasha LED nyekundu ya jikoni zile nyeupe za juu zinazima. Mliosema kila taa iwe na rezista yake (kile kidude cha kupunguza umeme) mmenisaidia sana, kumbe nyekundu inatosheka na volti 2 hivi na nyeupe inataka kama 3, sasa zikichangia rezista moja nyekundu inakula umeme wote. Nimeweka za ohm 220, chaja ya simu ya volti 5, zote zinawaka fresh. Moto wa jikoni nimeufunika karatasi ya pipi ya machungwa, unatisha kweli. Na wewe uliyeshauri mshumaa, hii ni kadibodi jamani 😂 Bado paa tu, litakuwa la kufunguka ili nyaya zifikike.