Gumzo la kikundi: Majirani Mpakani, Busia, Uganda

*Mama Sauda:* Asalaam aleykum wote, hamjambo. Natoka polisi sasa hivi jamani, yule kijana wa marehemu jirani yetu nyuma ya msikiti ameshikwa usiku na jerikeni mbili za petroli ya magendo. Miaka 16 tu. Nimempelekea chai, vidole vyote vinabambuka ngozi kwa petroli, kikombe anakishika kwa viganja kama mtoto mdogo. Nimelia

*Baba Hawa fundi:* Subhanallah. Pole mama. Wamemwachia?

*Mama Sauda:* Bibi yake amemwekea dhamana. Mwenye mzigo yuko kwake amelala, hajaguswa. Sasa mimi nauliza, hizo sente za vijana tunazosikia redioni kila siku huyu mtoto hazimfikii?

*Mwalimu:* Mama Sauda hapo ndipo panaponiuma mimi. Ule mfuko wa serikali wa vijana, Youth Livelihood, ni wa miaka 18 mpaka 30, tena muwe kikundi cha watu 10 mpaka 15, muwe na mradi umeandikwa, mpitie kwa afisa wa maendeleo ya jamii, na ni mkopo, ukirudisha ndani ya mwaka hakuna riba ukipitisha unaongeza asilimia 5. Mtoto ameachia shule darasa la sita, ana kikundi gani huyo? Anasubiri miaka miwili na hiyo miaka miwili ndiyo wanaomtafuta wenye petroli

*Rehema:* Na PDM mwalimu, ile mikopo ya serikali ya kila parishi? Si kila parishi inapewa shilingi milioni 100 tangu 2022

*Mwalimu:* Hiyo bibi anaweza kuomba, milioni 1 kwa nyumba, akafuga kuku. Ni nzuri sipingi. Lakini kuku wa bibi hawatamzuia mjukuu kutoka saa sita za usiku

*Shem Chicago:* Jamani nimesoma yote, huku ni asubuhi. Niwaambie kitu kimoja, huku jiji la Chicago lilifanya mradi wa kazi za vijana mwaka 2012, walichukua vijana wa sekondari kwenye mitaa ile ya risasi, wiki 8 za likizo, masaa 25 kwa wiki, mshahara wa chini wa kisheria, na wakapewa watu wazima wa kuwafuatilia, kwamba leo umechelewa kwa nini, nyumbani kuna nini. Kazi zenyewe za kawaida, kuangalia watoto kambini, bustani za mtaa, kusaidia ofisi ya diwani. Waliochaguliwa na wasiochaguliwa walikuwa 1,634 na walipigiwa bahati nasibu ndio maana waliweza kulinganisha. Baada ya miezi 16 kukamatwa kwa makosa ya fujo na kupigana kulipungua asilimia 43 kwa waliopata kazi, na sehemu kubwa ilipungua kazi ikiwa imeshakwisha!! Niwe mkweli, kwenye wizi na mengine haikuonekana tofauti ya maana

*Mama Sauda:* Shem asante. Hiyo ya mtu mzima wa kumfuatilia ndiyo nimeishika. Huyu tangu baba yake afe hakuna anayemuuliza umelala wapi isipokuwa yule wa jerikeni

*Baba Hawa fundi:* Mimi gereji yangu ya kuchomelea ningechukua hata wawili, kazi ipo, oda za milango na madirisha ninazo mpaka mwezi ujao. Naogopa sheria tu, mwaka jana alikuja mtu wa ofisi akanitisha eti naajiri watoto, kijana mwenyewe alikuwa na 17, nikamrudisha kwao. Sijui yuko wapi leo

*Mwalimu:* Pole baba Hawa, hukukosea. Sheria ya Watoto tangu marekebisho ya 2016 inasema 16 anaweza kuajiriwa, isipokuwa kazi ya hatari na ya usiku. Kwa hiyo kuchomelea asishike bado. Apime, apange vyuma, ajifunze kusoma futi na kuandika oda. Baadaye akiiva kuna mtihani wa vitendo wa serikali hata kama hana cheti cha shule

*Rehema:* Na manispaa wao wafanye nini sasa, wakae?

*Mwalimu:* Hapana. Naomba mwenyekiti wetu wa LC1, yaani wa mtaa, alipeleke hili kwenye baraza la manispaa, madawati yaliyovunjika kwenye shule za serikali wapewe mafundi wa hapa hapa kwa sharti moja, kila fundi akae na vijana wawili wa miaka 16 na 17, manispaa ilipe chakula cha mchana na glavu. Hakuna mkopo hapo wala kikundi cha kuunda. Nitaandika barua leo jioni nani atasaini?

*Rehema:* Mimi

*Mama Sauda:* Mimi na bibi yake pia, atatia dole gumba

*Baba Hawa fundi:* Nami. Lakini mimi barua siingoji, mwambie kijana aje Jumatatu saa mbili asubuhi. Na huyo mwingine ambaye alikuwa naye usiku ule?

*Mama Sauda:* Amekimbilia upande wa Kenya, namtafuta. Huyu wetu mikono haijapona lakini

*Baba Hawa fundi:* Aje akae, ashike futi tu. Chakula anakula na sisi. Avae viatu vya kufunga mama, gereji ina vipande vya chuma chini

*Mama Sauda:* Ana ndala tu

*Rehema:* Namba ngapi? Nina viatu vya kaka yangu hapa

*Mama Sauda:* Ngoja nimuulize bibi

*Mama Sauda:* 41